Duara Lililosalia: Kampeni za Kuokoa Studio za Televisheni za London na Maana Mbili za Kuhifadhi

Utangulizi

Tarehe 17 Juni 2009 serikali ya Uingereza iliingiza sehemu ya Television Centre, makao ya televisheni ya BBC yaliyoko Wood Lane, magharibi mwa London, katika orodha ya majengo yenye thamani ya kihistoria, kwa daraja la II. Sehemu iliyotajwa ni duara la kati pamoja na Studio 1. Miaka mitatu baadaye, Julai 2012, BBC iliuza makao hayo kwa kampuni ya uendelezaji wa ardhi ya Stanhope kwa pauni milioni 200. Mwisho wa Machi 2013 milango ilifungwa ili ujenzi uanze. Kati ya studio kuu nane zilizokuwamo, ni tatu tu zilizoendelea kuwa studio.

Makala haya yanauliza swali moja: ilikuwaje jengo lililokwisha kulindwa na sheria likapoteza zaidi ya nusu ya studio zake bila sheria hiyo kuvunjwa? Wanahistoria wa usanifu wamelijibu swali hili kwa njia yao, na wachumi kwa yao. Mimi ni mtafiti wa lugha, nami nadai kwamba sehemu kubwa ya jibu imo katika maneno ambayo watetezi wa jengo lile waliyatumia, au walilazimika kuyatumia, mbele ya mamlaka. Msikilizaji wa kongamano la Kiswahili anaweza kuuliza mambo ya London yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu utangazaji wa Kiswahili una historia yake katika jiji hilo, kama nitakavyoonyesha. Yanamhusu pia kwa sababu televisheni ilianza Nairobi mwaka 1962, Kampala mwaka 1963 na Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970. Television Centre ilifungwa ikiwa na umri wa miaka 52. Huduma zetu za kwanza za televisheni zimefika umri huo au zinaukaribia, na ardhi ya miji yetu nayo inapanda bei.

Maneno mawili

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, nitaje vitenzi viwili ambavyo vitatuongoza. Cha kwanza ni kuhifadhi. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili kitenzi hiki kina maana mbili zinazoishi pamoja bila kugombana. Tunahifadhi nafaka ghalani, tunahifadhi nyaraka kabatini. Hapa kitu kinawekwa mahali salama kisiharibike, na kadiri kinavyoguswa kidogo ndivyo kinavyodumu. Lakini pia mtoto wa chuoni anahifadhi Kurani, na mghani anahifadhi utenzi. Maana hii ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza kwa namna inavyofanya kazi, kwani kilichohifadhiwa moyoni hudumu kwa kurudiwa. Kikiachwa bila kuguswa, kinapotea.

Cha pili ni kuendeleza. Katika lugha ya mipango miji, tendo la kununua jengo, kulibomoa na kujenga jingine huitwa uendelezaji, na anayelifanya huitwa mwendelezaji. Sijui kama mtu wa kawaida, aliyeziona tingatinga zikiingia, angechagua kitenzi hicho. Kinachoendelezwa hapo ni ardhi. Shughuli iliyokuwa juu yake mara nyingi imekatizwa. Mamlaka yakikubali neno hili kama jina la tendo, anayepinga anaonekana anapinga maendeleo hata kabla hajafungua kinywa.

Jengo lililochorwa kwa ajili ya kazi

BBC ilikwisha kuchagua eneo la Wood Lane ilipofika mwaka 1949, kwenye ardhi ambayo iliwahi kuwa sehemu ya viwanja vya maonyesho makubwa ya Ufaransa na Uingereza ya mwaka 1908. Msanifu aliyepewa kazi ni Graham Dawbarn. Inasimuliwa kwamba, akiwa amekwama asijue aanzie wapi, alichora alama ya kuuliza nyuma ya bahasha, kisha akagundua kuwa umbo lile lenyewe ndilo jibu. Bahasha hiyo imetunzwa hadi leo. Uhaba wa fedha na vifaa baada ya vita ulichelewesha ujenzi, na sehemu ya kwanza kusimamishwa, mapema katika miaka ya 1950, ilikuwa karakana ya kutengenezea mandhari. Jengo kuu lilifunguliwa rasmi tarehe 29 Juni 1960.

Mpangilio huu wa nani alitangulia unastahili kuzingatiwa. Karakana ilitangulia studio kwa sababu jengo zima lilibuniwa kama kiwanda, na umbo la duara halikuwa pambo. Studio zilipangwa kuzunguka duara kama vipande vya chungwa. Waigizaji na wageni waliingia kutoka upande wa ndani, penye vyumba vya kuvalia na ofisi. Mandhari yaliyotengenezwa karakanani, yaani kuta za mbao, milango isiyoelekea popote, ngazi na mawe ya bandia, yaliletwa kwa njia ya magari iliyozunguka upande wa nje, na kuingizwa katika studio kupitia milango mikubwa. Hivyo makundi mawili, la wenye kuonekana na la wasioonekana, yaliweza kufanya kazi mchana kutwa bila kugongana.

Studio yenyewe ni chumba ambacho mtu asiye fundi hawezi kukithamini kwa macho. Kuta zake hazivutii. Thamani yake imo katika ukimya, kwa maana imejengwa isipitishe sauti ya treni wala ya ndege. Imo pia katika sakafu, ambayo sharti iwe sawa kabisa ili kamera itembee juu yake bila picha kutikisika, na katika dari, ambako taa huning'inia kwenye vyuma vinavyoweza kushushwa na kupandishwa. Studio 1 ina ukubwa wa takriban mita za mraba 995. Kwa miaka mingi kurekodi kulipaswa kumalizika saa nne usiku. Baada ya hapo wafanyakazi wa zamu waliingia, wakaibomoa sebule ya watu wa jana, na kusimamisha mandhari ya siku iliyofuata, ili asubuhi fundi taa akute kazi inamngoja. Fawlty Towers ilirekodiwa humo, na I, Claudius pia; Roma nzima ya makaisari ilitoshea ndani ya kuta hizo kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kuisimamisha na kuiondoa.

Katikati ya duara ilisimama sanamu ya Helios, mungu jua wa Wayunani, kazi ya T. B. Huxley-Jones, pamoja na chemchemi chini yake. Chemchemi hiyo ilisimamishwa baada ya muda, maana mwangwi wa maji uliwasumbua waliokuwa ofisini pande zote.

Yaliyobomolewa kabla

Television Centre haikuwa ya kwanza kuuzwa. Nyuma yake tu, umbali wa kutembea kwa miguu, palikuwa na studio za Lime Grove, zilizoanza kama studio za filamu na kununuliwa na BBC mwaka 1949. BBC ilihama Lime Grove mwaka 1991, na muda mfupi baadaye zikabomolewa pakajengwa nyumba. Mitaa iliyopo hapo imepewa majina ya Gaumont na Gainsborough, kampuni za filamu zilizotangulia. Huko Birmingham, kituo cha Pebble Mill kilichofunguliwa mwaka 1971 kilibomolewa mwaka 2005. Teddington, iliyokuwa mikononi mwa Thames Television tangu 1968 hadi 1992, ilifungwa mwaka 2014 na kubomolewa mwaka 2016. Hapo pia ni makazi.

Kuhusu Lime Grove kuna kisa ambacho bara letu lina sehemu yake. BBC katika miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa na desturi ya kufuta kanda za vipindi vyake ili kanda hizo zitumike tena, na vipindi vingi vya tamthilia ya Doctor Who vikapotea hivyo. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba tisa kati ya vilivyopotea vimepatikana huko Jos, Nigeria, katika nakala za filamu zilizokuwa zimetumwa Afrika ili zionyeshwe na vituo vya televisheni. Vipindi hivyo vilitengenezwa Lime Grove. Kwa hiyo, zaidi ya miaka 20 baada ya BBC kuondoka katika studio zile, na miezi michache tu baada ya Television Centre kufungwa, kazi iliyofanyika humo ilirudi London kutoka kwenye rafu ya Nigeria. Walioitunza hawakuwa na orodha ya majengo ya kihistoria. Walikuwa na stoo ambayo hakuna aliyeona haja ya kuisafisha.

Makundi mawili ya watetezi

BBC ilipotangaza mwaka 2007 kwamba ingeuza Television Centre, sababu zilieleweka. Mapato ya ada ya leseni hayakutosheleza mipango yake, idara kadhaa zilikuwa njiani kuhamia Salford, kaskazini mwa nchi, na habari zingehamia Broadcasting House, katikati ya jiji. Ardhi ya Wood Lane ilikuwa mali ya shirika linalogharamiwa na wananchi, na kuiacha nusu tupu kungekuwa na lawama zake. Nasema haya kwa sababu maandishi mengi ya watetezi huwachora wauzaji kama watu wasio na kumbukumbu. Walikuwa nazo, na walikuwa na mahesabu pia.

Waliojitokeza kulitetea jengo walikuwa, kwa jicho la mtafiti wa lugha, makundi mawili yaliyozungumza lugha mbili. La kwanza lilikuwa la wapenzi wa usanifu wa karne ya 20, na hoja zao zilipata sikio la English Heritage, taasisi iliyoishauri serikali. Nomino zao zilikuwa duara, matofali, sanamu, na mchoro wa vigae wa John Piper uliopo ukumbini. Kundi la pili lilikuwa la mafundi, waigizaji, wastaafu na watazamaji, waliokusanya saini wakitaka studio zote zibaki studio. Hawa walitumia vitenzi zaidi: kurekodi, kusimamisha, kuwasha, kufundisha. Walisema kwamba studio nane mahali pamoja, pamoja na karakana na vyumba vya kuhariri, ni kitu kimoja, na kwamba ukiondoa tano hubaki na theluthi wala nusu ya kitu hicho; unabaki na kitu kingine. Walisema pia kwamba vyumba vya namna ile, vikishavunjwa katikati ya jiji, havitajengwa tena, kwa sababu hakuna mtu atakayenunua ardhi ya bei hiyo ili ajenge chumba kisicho na madirisha.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 kuhusu majengo yaliyoorodheshwa inauliza kama jengo lina umuhimu wa pekee wa kiusanifu au wa kihistoria. Likiwa nao, halibomolewi wala kubadilishwa tabia yake bila kibali. Sheria haimlazimishi mwenye jengo kuendelea na shughuli iliyolipatia jengo umuhimu huo. Kanisa lililoorodheshwa linaweza kuwa mkahawa. Kwa hiyo lugha ya kundi la kwanza ilikuwa na mlango wa kuingilia ndani ya sheria, na lugha ya kundi la pili haikuwa nao. Ilibidi mafundi watafsiri madai yao: badala ya kusema "kazi hii iendelee", waseme "chumba hiki kilindwe". Katika tafsiri hiyo mengi yalimwagika. Studio 1 iliweza kuitwa chumba cha kihistoria. Utaratibu wa usiku wa kubomoa na kusimamisha mandhari haukuwa na ukuta wa kubandikia cheti.

Kwa maneno ya sehemu iliyotangulia, sheria iliijua ile maana ya ghalani tu. Mafundi walikuwa wanadai ile ya chuoni.

Sitaki kulidharau kundi la kwanza. Bila uorodheshaji wa 2009 huenda lisingebaki hata duara, na ni rahisi kwetu, tulio mbali, kuwataka watu wasiridhike na nusu. Ila naona kosa moja la mkakati. Uorodheshaji ulipopatikana, sehemu ya umma ilidhani jengo limeokolewa. Neno "limelindwa" lilienea magazetini bila kuulizwa ni nini hasa kilicholindwa, na kampeni ya studio ilipopaza sauti miaka ya mwisho ilibidi ianze kwa kueleza kwamba bado kuna hatari.

Baada ya kufungwa

Machi 2013 chumba cha habari kilihama, kundi la muziki la Madness likatumbuiza uani, na vipindi vya kuaga vikarushwa. Halmashauri ya Hammersmith and Fulham iliidhinisha mradi wenye makazi yapatayo 950, hoteli, ofisi na migahawa. Studio 1, 2 na 3 zilihifadhiwa, zikarudi kazini Septemba 2017. Nyingine zikaondolewa. Katika miaka minne ya kusubiri, vipindi vikubwa vilitafuta hifadhi kwingine. Shindano la dansi la Strictly Come Dancing lilihamia Elstree, nje ya London.

Kilichofuata ni kejeli ambayo hakuna mtunzi wa vichekesho angethubutu kuiandika. Aprili 2018 ITV, mshindani mkubwa wa BBC, ilifunga studio zake za South Bank, kando ya Mto Thames, ambazo zilikuwa zikitumika tangu mwaka 1972. Vipindi vyake vya asubuhi na mchana vilihitaji pa kwenda, na vikaenda Television Centre. Wale waliokuwa wamesema studio bado zinahitajika jijini walithibitishwa na kampuni ambayo nayo ilikuwa inafunga za kwake.

ITV awali ilisema itarudi South Bank baada ya ujenzi mpya. Oktoba 2018 ikabadili nia, na mwaka uliofuata ikauza kiwanja. Ukazuka mgogoro mpya, safari hii dhidi ya maghorofa ya ofisi yaliyopendekezwa, na wakazi wakajipanga vizuri. Februari 2024 serikali iliidhinisha ujenzi hata hivyo. Ukisoma mvutano huo utaona jinsi lugha ilivyozidi kusogea: hoja zilizobeba uzito zilihusu urefu, kivuli na mandhari ya mto. Studio zilizokuwa pale zilitajwa kwa kupita. Watetezi walikuwa wamejifunza ni maneno gani mamlaka husikia, wakayatumia hayo, na sidhani wanastahili lawama kwa hilo.

Bush House, na huku kwetu

Mwaka huohuo wa 2012 ambao Television Centre iliuzwa, BBC iliondoka katika jengo jingine bila kampeni kubwa. Hilo ni Bush House, makao ya idhaa za dunia, ambamo studio zilikuwa za redio. Huko ndiko Idhaa ya Kiswahili ilikoishi kwa zaidi ya nusu karne. Matangazo ya kwanza ya Kiswahili yalirushwa tarehe 27 Juni 1957, na sauti iliyosikika ilikuwa ya Oscar Kambona, aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Tanzania. BBC haikuwahi kulimiliki jengo hilo; ilikuwa mpangaji, na mkataba ulipokwisha ikahama Julai 2012. Vifaa vya studio vilipigwa mnada. Jengo limeorodheshwa, marumaru na nguzo zake zipo, na leo linatumiwa na chuo cha King's College London. Katika mwaka huo Dira ya Dunia, iliyozoeleka redioni, ilianza pia kuonekana kwenye televisheni kutoka Broadcasting House. Kazi ilihama na kuendelea, chumba kikabaki. Ni kinyume cha Wood Lane kwa namna fulani, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyelia sana.

Hapa kwetu hali ya kisheria ni ngumu zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye huhitaji tamko la waziri. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Hakuna studio ya utangazaji duniani inayoweza kutimiza sharti la 1863, maana redio yenyewe ilikuwa haijavumbuliwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, kwa haki kabisa, lakini jicho la urithi limezoea mlango wa nakshi na ukuta wa mawe ya matumbawe. Chumba cha zege kilichobandikwa maboksi ya mayai ili kunyonya mwangwi hakimkumbushi mtu urithi.

Hata hivyo lugha yetu ya utangazaji ilifinyangwa katika vyumba vya namna hiyo. Wasomaji wa habari waliamua, dakika chache kabla ya taa nyekundu kuwaka, neno la Kiingereza lililokuja na shirika la habari litaitwaje kwa Kiswahili, na wasikilizaji wakalichukua. Nyuma ya kioo mafundi nao walikuwa na lugha yao ya kuamrishana, ya kutaja nyaya, taa, mapengo ya sauti na makosa. Lugha hiyo hujifunzwa kwa kusimama kando ya aliyetangulia, na aliyetangulia wa miaka ya 1960 leo ni mzee wa miaka 80 na zaidi.

Kwa sababu hiyo napendekeza kwa vyama vya Kiswahili vilivyowakilishwa hapa kazi yenye kipimo kidogo, isiyosubiri tamko la waziri yeyote: mafundi na watangazaji wastaafu wa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Zanzibar warekodiwe wakiwa ndani ya studio walizofanyia kazi, pale ambapo bado zipo, wakitaja kila kitu kwa jina walilokiita na kuonyesha kilivyotumika. Orodha ya maswali inaweza kuandaliwa na idara za isimu na za mawasiliano kwa pamoja. Mwenye studio aombwe ruhusa ya siku mbili tu, kabla hajaomba yeye kibali cha ujenzi.